Alitapika au Alitapishwa

Jumamosi. Manyunyu tangu asubuhi, yale ya kero, hayanyeshi wala hayaachi. Na mimi nimeamka hivyohivyo.

Boma liko kimya kwa sababu mke mwenzangu amekwenda kanisani na watoto wake. Yeye ni Msabato, mimi Mkatoliki. Hata siku za Mungu tumegawana. Mume wetu haendi kokote, maana makanisa yote mawili yalimhesabia wake yakaona amezidisha mmoja. Ameshuka Sindo kungoja samaki. Nimebaki na kuku, na binti yangu Akinyi, amelala hapa mkekani mbele yangu. Ana miaka miwili na nusu. Tangu nianze kuandika nimemtekenya nyayo mara tatu, na kila mara ameivuta miguu na kunung'unika usingizini.

Miguu yote miwili. Asante Mungu.

Daftari, leo nina jambo la aibu la kukuambia. Nimelizunguka tangu juzi Alhamisi. Nitaanzia mbali kidogo, ili hata nikikusoma nikiwa mzee nijue nilivyofika hapa.

Kwa Dholuo mke mwenza anaitwa nyieka. Wivu unaitwa nyiego. Wazee waliotoa majina hayo hawakubahatisha, walikuwa na wake wengi. Mimi niliolewa miaka mitano iliyopita nikawa nyieka wa mtu, na nyiego ikanifuata na sanduku langu.

Wala si wivu wa kuazima, ni wangu na nina sababu. Nyumba yake inatazama lango la boma, kama ilivyo haki ya mke wa kwanza. Yangu iko ubavuni, natazama kuku. Mume ana jina zuri la ubatizo, lakini kutoka hapa hadi soko la Magunga anaitwa Baba Odera, kwa jina la mtoto wa mwenzangu. Na mimi namwita hivyohivyo! Nikitaka kumwambia chakula kiko tayari, lazima kwanza nimtaje mtoto wa nyumba ile.

Lakini kinachonichoma kuliko vyote ni baiskeli.

Odera ana miaka minane. Mguu wake wa kushoto ni mwembamba na unaning'inia, anatembea kwa gongo alilochongewa na baba yake. Kila asubuhi, kabla ya kufunga vikapu vya samaki, Baba Odera anampakia mtoto kwenye keria, juu ya gunia lililokunjwa mara mbili ili asiumie, anampeleka shule, kisha anarudi kuchukua vikapu. Mimi nilipokuwa na mimba ya Akinyi, miguu imevimba kama viazi, nilitembea mpaka zahanati na kurudi. Keria ile nimeikalia mara moja tu, siku niliyoletwa hapa kama bibi harusi. Hakukuwa na gunia.

Basi, nimeandika. Namwonea wivu mtoto kiwete. Hata kwa padre sijawahi kulisema.

Odera alizaliwa mzima. Nilimkuta akikimbia na kukimbiza mbuzi, mtoto wa miaka mitatu asiyetulia. Nilikuwa nimekaa hapa miezi mitatu alipopata homa. Siku ya nne homa ikashuka, tukafurahi. Akasimamishwa, akaanguka. Tukasema ni udhaifu wa homa. Akasimamishwa tena, akaanguka tena.

Unafikiri watu walisema nini? Hawakusema mbele yangu. Walisema kisimani, na mimi nikifika wote wanaangalia ndani ya ndoo zao. Bibi harusi kaingia, mguu umetoka. Mama mkwe wangu alikaa mwezi mzima bila kugusa chakula nilichopika. Alisema meno yanamuuma. Meno! Na kwenye nyumba ile nyingine nilimwona akitafuna mahindi ya kuchoma.

Mama Odera mwenyewe hakusema lolote, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Anayekutukana unajua amefika wapi. Anayenyamaza humjui.

Kisha Baba Odera akawapeleka Kisumu, yeye na mtoto, kwa meli kutoka Homa Bay. Kisumu yangu! Mimi ndiye niliyezaliwa Kisumu, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, baba yangu akiwa mchukuzi stesheni, nikakua nikisema Kiswahili na watoto wa kila kabila. Nilikuwa nimemwomba mume anipeleke nikamsalimu mama yangu, akaniambia tungoje mavuno. Mavuno yakaja yakapita. Mwenzangu akapanda meli, akakaa na mtoto hospitalini miezi mitano, na kila mwezi mume akawa anawafuata. Nikabaki napalilia mashamba mawili, langu na lake. Lake nililipalilia vibaya, kwa makusudi. Na hilo nimeandika.

Walirudi mtoto akiwa na chuma mguuni, na mama yake akiwa kimya kuliko alivyoondoka.

Akinyi alipozaliwa niliweka sheria moja: mwanangu hali kitu kutoka mkono wa nyieka. Hata maji. Nilijiambia, kama huyu mwanamke anaamini nilikula mguu wa mwanawe, siku moja atataka kulipiza. Mama mkwe aliijua sheria hiyo, watoto waliijua, na nadhani mbuzi nao waliijua.

Silaha yangu ilikuwa Kiswahili. Huku kwetu Kiswahili ni cha sokoni na cha ofisi ya chifu. Nyumbani tunasema Dholuo. Mwenzangu anasoma Biblia ya Dholuo mpaka kurasa zimelegea, lakini Kiswahili sikuwahi kumsikia akitamka hata "jambo". Ndiyo maana nakuandika wewe kwa Kiswahili, daftari, na kukuficha chini ya chungu cha mtama bila wasiwasi. Na ndiyo maana kwa miaka yote hii nimekuwa nikimtukana kwa sauti, mchana kweupe, nikijifanya nasema na kuku.

"Kuku wangu, mwangalieni bata anavyotembea." Hiyo alikuwa akienda kisimani.

"Kuku wangu, gunia limeamka." Hiyo ilikuwa salamu yake ya asubuhi.

Nilikuwa na wimbo mzima wa kusagia, wote juu ya makalio yake. Mama mkwe alidhani ni wimbo wa kanisa, akawa anaufuatisha.

Na kuna moja mbaya. Siku hiyo Baba Odera alikuwa amerudi sokoni na viatu vipya vya Odera, Akinyi hakuletewa hata peremende. Mama Odera alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu, anachambua maharagwe kwenye ungo. Nikawaambia kuku: "Anajivunia mtoto wa kiume, na kumbe ni robo tatu tu." Mikono yake ilisimama kidogo juu ya maharagwe, kisha ikaendelea. Nikadhani ameona jiwe. Jioni nikaiandika hapa ndani, nacheka peke yangu.

Sasa nije kwenye sukari.

Mwezi uliopita nilikwenda Oyugis kumzika shangazi yangu, nikamwacha Akinyi kwa mama mkwe. Nilirudi siku ya tatu, mchana, vumbi limenijaa hadi kwenye kope. Akinyi akanikimbilia, mdomo unanata.

"Sukari," akasema.

"Sukari gani? Amekupa nani?"

Akanyoosha kidole kwenye nyumba inayotazama lango.

Yawa! Sikuuliza swali la pili. Nilimbeba nikaenda naye nyuma ya jiko, nikamtia kidole kooni. Alilia, akaning'ata, nikarudia. Alitapika uji, akatapika maharagwe, akatapika maji matupu. Nilimshika kichwa na moyo wangu unaniambia: umeona? Miaka mitano amengoja, na siku ulipotoa mguu wako tu amefanya.

Nilikuwa nafukia matapishi kwa mchanga Mama Odera alipotokea kwenye kona, ameshika kadi mkononi.

"Mtoto anaumwa?" akauliza.

"Maharagwe ya bibi yake," nikasema.

Akamwangalia Akinyi, akaniangalia mimi. Kisha akaeleza, maneno mengi kuliko aliyowahi kuniambia kwa mwaka. Watu wa afya wamekuja Magunga na gari. Wana dawa ya kukinga ule ugonjwa uliomla Odera mguu. Si sindano, ni matone, wanayadondoshea juu ya kipande cha sukari, mtoto anakula. Hukuwepo, akasema, na hawakusema wangekaa siku ngapi, kwa hiyo nimewapeleka wote. Ndio kwanza tumefika. Hii kadi ni ya Akinyi, uitunze, watarudi mwezi ujao.

Akanipa kadi akaenda zake.

Nikabaki nimesimama. Kuku wakaja wakafukua mchanga na kuanza kudonoa. Basi kuku wangu hawatapooza kamwe. Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema, na haya yalikuwa machafu hata kama ningeweza kuyazoa.

Ungedhani nilimshukuru yule mwanamke moyoni. Aa wapi! Nilimwonea wivu zaidi. Kwa nini yeye ndiye awe mtu mwema? Nani alimwomba? Wema usiouomba unakukalia mabegani kama kuni mbichi. Nikaificha kadi ndani ya sanduku, nikanyamaza. Nilijiambia labda kidogo kimebaki tumboni. Nilijiambia labda dawa yenyewe ni uongo tu. Kulikuwa na watu wengi wa kunisaidia kuamini hivyo. Mwenye duka pale njia panda alisema dawa isiyo chungu si dawa. Jirani yetu aliwaficha watoto wake watatu ghalani, akisema serikali ni yetu wenyewe sasa na anaijua tabia yetu, tangu lini mtu wetu akakupa sukari bure? Mwingine alimpeleka wake kwa sababu ya sukari yenyewe, akarudi kupanga foleni mara ya pili na mtoto huyohuyo amevalishwa kofia.

Nikanyamaza hivyo mpaka Jumanne hii.

Jumanne mama mmoja anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, alipita hapa akitoka Sindo. Alikuwa anasimulia tu, kama watu wanavyosimulia. Kuna mtoto kule kwao, wa umri wa Akinyi, amepata homa. Homa imeshuka vizuri. Akasimamishwa, akaanguka.

Omena zilinimwagika mkononi.

Tangu hapo ndipo nilipoanza kutekenya nyayo. Asubuhi, mchana, akila, akilala. Mtoto ameanza kunikimbia akiniona nakuja na vidole. Na nilijua kwamba Alhamisi watu wa dawa wanarudi Magunga, na kwamba kadi yangu inasema Akinyi ameshapata ya kwanza, na kwamba kadi inasema uongo.

Alhamisi tulitoka pamoja, mimi na Mama Odera, kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Yeye mbele na mdogo wake Odera, Awuor, mgongoni. Mimi nyuma na Akinyi. Nilikuwa napanga uongo. Nikiukunja huku unachomoza kule. Kumwambia daktari ukweli ilikuwa lazima, kwa ajili ya miguu ya mtoto. Lakini kuusema mbele ya mwenzangu? Nimwambie nini, kwamba nilimtapisha mtoto dawa yako kwa sababu nilidhani wewe ni mchawi?

Foleni ilikuwa ndefu. Wengi walikuwa wanawake wa kisima chetu, walewale wa kuangalia ndoo. Nikajiweka mbele, Mama Odera nyuma yangu. Na hapo Mungu, au yule mwingine, akanifungulia mlango. Karani wa chifu aliyekuwa anatafsiri alikuwa amekwenda kunywa chai. Dresa mwenyewe, yule msaidizi wa daktari anayetoa matone, alikuwa mtu wa Migori, Mkuria, Dholuo hajui hata ya kuombea maji. Alikuwa anasema Kiswahili, na akina mama wanajibu kwa mikono.

Kiswahili! Nilitaka kucheka. Ningesema kila kitu, palepale, na mwenzangu asimame nyuma yangu kama ng'ombe sokoni asijue anauzwa.

"Kadi," dresa akasema.

Nikampa.

"Huyu alishapata ya kwanza. Haya, mtoto, fungua mdomo."

"Daktari, ngoja. Ile ya kwanza alitapika."

Mkono wake ukasimama. "Alitapika lini?"

"Palepale. Siku ileile, nyumbani."

Aliniangalia kwa macho ya mtu aliyekwisha kuona akina mama wa kila aina. "Mama, alitapika au alitapishwa?"

Lo! Neno moja, daftari, umelivuta mkia kidogo tu na limekuwa kesi. Hicho Kiswahili nilichojivunia miaka yote kilinishika shati. Ningeweza kusema alitapika. Nani angebisha? Lakini nikamwona yule mtoto wa Sindo, anasimamishwa.

"Alitapishwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Kwa nini?"

Nikajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, maana nani angenielewa? "Nilidhani mke mwenzangu amempa sumu."

Dresa akainua macho. Alikuwa anaangalia nyuma ya bega langu.

"Daktari," ikasema sauti nyuma yangu, kwa Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha kuchechemea, lakini kilifika. "Wewe hesabu mpya. Hii ya leo ikuwe ya kwanza. Hiyo mtoto ni yetu."

Sikugeuka. Shingo ilikataa.

Bata. Gunia. Wimbo wa kusagia, beti zote sita. Maharagwe kwenye ungo. Lile halikuwa jiwe.

Dresa akadondosha matone kwenye sukari, Akinyi akaimeza na kuomba nyingine. Akaandika kadi mpya. Akaniambia nimlete tena mwezi ujao, na mwezi wa baada ya huo, nisikose hata moja. Kisha akainuka na kusema na foleni nzima, nadhani alikuwa amekasirika kidogo. Ugonjwa huu unaingia kwa mdomo, akasema, kutoka kwenye kinyesi, kwa mikono isiyonawa na maji machafu. Hauna mchawi. Watu wakamwangalia tu, hakuna aliyeelewa.

Mama Odera akageuka akawatafsiria.

Alitafsiri yote kwa Dholuo, kinyesi, mikono na maji. Alipofika kwenye mchawi akaongeza yake. Akawaambia: "Nilikaa Kisumu miezi mitano. Wodi ilijaa watoto wa kila kabila, wa mke mmoja na wa wake wanne. Hao wote walilogwa na nani? Mguu wa Odera haukuletwa na mtu."

Wanawake wa kisimani wakatafuta ndoo za kuangalia, wakakosa, maana hawakuja nazo.

Miaka mitano nilikuwa nangoja mtu aseme hivyo. Nilikuwa nimefikiri nikisikia nitacheza. Nililia tu, pale mbele za watu, na kamasi ikanitoka, na hata wakati ule, Mungu anisamehe, kitu kidogo ndani yangu kilisema: umeona alivyopendeza akisema? Wewe hungeweza.

Tulirudi pamoja. Tulipofika kwenye mti ulioanguka kando ya njia ndipo nikapata mdomo.

"Kiswahili umekitoa wapi?"

"Kisumu. Wauguzi wengi hawakujua Dholuo. Nilianza na maji. Halafu pole. Halafu kesho. Kila siku niliuliza Odera atasimama lini, wananiambia kesho."

Kisumu yangu. Kiswahili changu. Hata hicho amekichukua.

"Kwa hiyo tangu uliporudi ulikuwa unanisikia?"

"Nilikuwa nakusikia."

"Yote?"

"Ya bata sikuchukia sana," akasema. "Bata anaogelea."

Tukatembea. Nikasema, "Na ile ya—" nikashindwa kumaliza.

"Ile niliichukia. Siku ile nilitaka kuja kukupasua na ungo."

"Kwa nini hukuja?"

"Maharagwe yangemwagika. Nilikuwa nimeshayachambua."

Nikamwuliza swali lililobaki. Kama ulisikia yote hayo, kwa nini ulimchukua mtoto wangu kwenye sukari? Alimpandisha Awuor vizuri mgongoni. Kisha akaniambia kwamba siku ile ya kwanza alimbeba Odera mgongoni mpaka Magunga, mtoto wa miaka minane, na Awuor kifuani, Akinyi akamshika mkono. Alidhani dawa ile ni ya kunyoosha. Alipofika mbele alimwuliza dresa kama sukari itauinua mguu wa Odera. Dresa akamwambia hapana, mama, hii ni ya kulinda miguu iliyo mizima.

"Basi nikaangalia nimekuja na miguu mizima mingapi," akasema. "Uliobaki wa Odera, miwili ya Awuor, na miwili ya Akinyi. Nikasema wapewe wote."

Akatangulia. Nami nikamfuata.

Na nilimrudishia nini? Kidole kooni.

Jana Baba Odera alipata habari sokoni, maana Magunga hakuna siri. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema hakujua ana redio mbili za Kiswahili nyumbani. Kisha akaacha kucheka, akaenda kumtazama Akinyi, akamgusa miguu. Leo asubuhi kabla ya kushuka Sindo nilimwona anakunja gunia la pili. Sijamwuliza ni la nini, nisije nikafurahi bure.

Usidhani wivu umeisha, daftari. Zamani nilikuwa namwonea wivu kwa nyumba na mume na baiskeli, vitu vya kuonekana. Sasa namwonea wivu kwa moyo wake, na huo siwezi kuutafutia kasoro ili nipumue. Kama ningekuwa mimi niliyesikia matusi yale, ningempeleka mtoto wake kwenye dawa? Nimejiuliza tangu juzi. Nataka kujibu ndiyo. Bado sijui.

Leo alfajiri alipotoka kwenda kanisani aliacha bakuli mlangoni kwangu, limefunikwa. Jumamosi hapiki, kwa hiyo ni viazi vitamu alivyochemsha jana. Hakubisha hodi. Akinyi ndiye aliyeliona, akaliingiza ndani, akakaa nalo kati ya miguu yake akaniangalia, maana naye anaijua sheria.

Nikamwambia kula.

Akala. Mimi nilikalia mikono yangu ili isifanye ujinga. Alipobakiza kimoja nikakila mimi. Kilikuwa kitamu kuliko vyangu, na hilo nalo limeniudhi.

Manyunyu yamekatika. Nawasikia njiani wakirudi, na gongo la Odera kwenye mawe. Lazima nikufiche, na hapo ndipo penye kazi. Nimezunguka nyumba nzima asubuhi hii kutafuta mahali papya, maana sasa kuna mtu wa pili bomani anayejua Kiswahili, na kusoma anajua. Nilijaribu kwenye paa. Nilijaribu ndani ya sanduku. Nilifikiria hata kukuchoma, au kuuchana ukurasa ule wa robo tatu.

Sikuuchana. Ukweli ni kwamba mdomoni sitaweza. Nikifungua mdomo atatoka bata. Kwa hiyo nakurudisha palepale, chini ya chungu cha mtama, na pembe nimeiacha ichungulie. Na chini ya ukurasa ule nimeongeza neno moja, lile la pili alilojifunza Kisumu.

Mama Odera, ukishasoma, chungu ukirudishe taratibu. Kina ufa.